Chama cha bonsai hapa Tabora: mkwaju umepona, mkasi bado

Nianze na mkasi. Mimi ni fundi cherehani, nashonea Ng'ambo, na fundi yeyote atakuambia kwamba mkasi wa kitambaa haukati hata karatasi. Wanangu wanajua. Mume wangu anajua zaidi, maana aliwahi kufungulia nao pakiti ya maziwa na siku hiyo alikula wali mkavu. Sasa mtu mzima, tena mwenyekiti wa chama cha bonsai, hii miti inayodumazwa ndani ya trei, kaupitisha kwenye mizizi iliyojaa mchanga mbele za watu, kisha kanirudishia bila hata kuufuta.

Ilikuwa kiangazi, sikumbuki mwezi, ila miembe ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua. Kiingilio elfu kumi nilishalipa, vikao viwili vitatu nimekaa, na kusema kweli nilikuwa nimefurahi. Mtaani kwangu mambo haya wanayaona ya kiganga. Jirani aliniuliza kwa nini nimeudumaza mti wa Mungu, na kama kuna mtu nimemfunga humo. Kule chamani huulizwi hayo. Watu wanakaa kivulini, kila mmoja na trei lake, huyu mtini, yule mninga uliokaribia kukata roho, wanabishana waya wa kupindia matawi ukae muda gani kabla haujazama kwenye gome. Nilijiona nimefika kwetu.

Mkwaju wangu niliuotesha mwenyewe kwa kokwa zilizobaki kwenye juisi ya Ramadhani, miaka sita au saba iliyopita, ndani ya sufuria bovu nililolitoboa matundu kwa msumari. Naupenda kwa jambo moja: jua likizama, vijani vyake vinajifumba viwili viwili, asubuhi vinafunguka. Nikifunga cherehani nautazama, najua na mimi kumekucha au kumekuchwa.

Siku hiyo ndiyo niliupeleka kwa mara ya kwanza, nikamsalimu mwenyekiti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba," huku macho yako kwenye sufuria. "Mama, huu ni mche wa kitalu. Nani kakudanganya kuwa hii ni bonsai?"

Watu wakacheka. Kabla sijapata la kujibu, kashika shina, kavuta, mti wote nje, udongo puu miguuni kwangu. Mkoba wangu ulikuwa wazi kwa sababu nilitokea kazini. Akauona mkasi, akauchukua. Hakuomba! Kra, mzizi mkuu. Kra, nusu ya mizizi ya pembeni. Kila alipobana nilisikia mchanga ukisagika katikati ya makali. Akamalizia na kilele, karibu nusu ya urefu.

Sikatai, mzizi mkuu hukatwa. Ndani ya trei la kina cha vidole vitatu hauna pa kwenda, na mti unakula kwa ile mizizi myembamba kama uzi. Hilo nalijua. Nilikuwa nasubiri mvua za Novemba, mti ukiwa na nguvu za kuchipua. Yeye kakata kiangazi, jua la Tabora la saa nane, halafu ananiambia "usiuanike juani" kama vile kanifanyia hisani.

Usiku ule majani hayakujifumba. Baada ya siku chache yakapukutika yote. Niliufunika kwa mfuko wa nailoni uliobaki nyumbani tangu kabla ya marufuku ya 2019 (msinishtaki), nikauweka uvunguni mwa meza ya kukatia, nikawa nanyunyiza maji asubuhi na jioni. Kila baada ya siku kadhaa nakwaruza gome kwa ukucha nione kama bado mzima. Kijani. Nakwaruza tena. Kijani. Ningesema hapa chama hicho msikikaribie, na nilishaandika hivyo kwa watu watatu walioniuliza.

Ila wiki ya tano, kama sikosei, ukachipua. Na hapa ndipo ninapoumia: umependeza. Shina lililokuwa limenyooka kama mti wa fagio sasa lina tako pana, mizizi ya juu imeshika udongo kama vidole, na matawi yamejigawa chini, mahali ambapo mimi nisingethubutu kukata hata miaka kumi. Mzee anajua kazi. Basi nendeni, mtajifunza. Nyota nne.

Nikapiga picha, nikaiweka kwenye kundi la WhatsApp. Kabla ya magharibi mzee kaichukua, kairudisha na maneno "kazi ya mikono yangu". Mikono yako? Nani kalala chini ya meza na kopo la maji? Vikopa na makofi vikamiminika, na mimi mwenyewe sikutajwa hata kwa bahati mbaya. Nyota moja. Nikatoka kundini. Siku ya tatu nikaomba kurudishwa, maana changarawe iliyochekechwa ya kupandia miti hii wanauza wao, na sokoni sijaiona.

Sasa mtasema nimsamehe, mzee wa watu. Sawa. Lakini mkasi nimeupeleka kwa mnoaji mara mbili, ananiambia una pengo karibu na ncha, halitoki bila kula chuma chote. Jana nakata kitenge cha mteja, sare ya harusi, ukatafuna palepale.