Toyota 86: usukani wake unasema nini, na unaficha nini

Nianze na hukumu, halafu sababu zake. Usukani wa Toyota 86 ya kwanza, yenye chasi ya ZN6 iliyotoka 2012, ni mwepesi kujibu, unalenga pale pale unapoutuma, na uzito wake umepangwa vizuri kuliko magari mengi yanayouzwa ghali kuliko gari hili. Ila habari za lami zinakufikia nusu. Sehemu ya nusu iliyopotea inarudishwa kwa matairi, alaimenti (mpangilio wa pembe za magurudumu) na bushi (vipande vya mpira vinavyokaa kwenye viungo). Sehemu nyingine haitarudi, hata ukimwaga pesa kiasi gani. Gari ninalolizungumzia ni la gia za mkono, rimu za inchi 17, na nimelitumia kwenye foleni na matuta ya Dar es Salaam, kwenye barabara ndefu ya Chalinze kwenda Tanga, na kwenye kona za Mombo kupanda Soni hadi Lushoto. Kona hizo ndizo kipimo changu, kwa sababu zinafuatana bila kupumua na lami yake inabadilika badilika.

Kwanza, mfumo wenyewe. Uwiano wa raki, yaani fito ya meno inayogeuza magurudumu, ni karibu 13 kwa 1 (usukani ukizunguka digrii 13, magurudumu hugeuka digrii 1), na kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia usukani unazunguka mara mbili na nusu hivi. Gurudumu la usukani lina kipenyo cha milimita 365, dogo kuliko lililowahi kufungwa kwenye Toyota yoyote kabla yake. Injini ya boksa (pistoni zake zimelala kushoto na kulia) ya lita 2.0 imelala chini na kusogezwa nyuma, kitovu cha uzito cha gari zima kikiwa milimita 460 tu kutoka ardhini. Gari lina kilo 1,200 na ushee. Hii ina maana pua haina mzigo mkubwa wa kugeuza, kwa hiyo mota ya umeme inayosaidia usukani haihitaji kufanya kazi sana. Hapo ndipo ilipo siri ya utamu wake: msaada mdogo, uchujaji mdogo.

Sasa, hisia ya usukani inatoka wapi? Tairi likikata kona hujipinda pale linapogusa lami. Nguvu inayolisukuma gari upande haitokei katikati kabisa ya mguso huo, hutokea nyuma kidogo, na kwa hiyo tairi lenyewe hutaka kurudi kunyooka. Mvuto huo wa kurudi hupita kwenye tairodi, yaani fito inayounganisha gurudumu na raki, ukaingia kwenye raki, ukapanda hadi kiganjani. Ukizidisha kona, mvuto unazidi. Lakini unafika kilele mapema, kabla mshiko wa tairi haujaisha. Kuanzia hapo usukani unalegea kidogo huku gari bado limeshika. Kulegea huko ndiko onyo la kweli kwamba matairi ya mbele yanakaribia kuteleza, na gari la michezo linalokuficha hilo limekunyima jambo la msingi.

Wengi huchanganya uzito na hisia. Usukani mzito hauna maana kwamba unazungumza. Kasta kubwa, yaani mlalo wa nguzo ya shokapu kuelekea nyuma, huongeza uzito ambao haupungui tairi likichoka, na uzito huo hufunika ule ulegevu ninaousema. Vivyo hivyo vitufe vya "Sport" kwenye magari mengi ya kisasa: vinapunguza tu msaada wa mota. Kwenye 86 hakuna kitufe cha namna hiyo kwa usukani, na ninashukuru hakuna.

Kwenye 86, mota ya umeme imefungwa kwenye kolamu (nguzo ya usukani), ndani ya gari chini ya dashibodi. Ndani ya kolamu kuna kijiti chembamba cha chuma kinachojisokota unapogeuza. Sensa inapima msokoto huo, kompyuta inaamua mota isukume kiasi gani. Tatizo la mpangilio huu ni kwamba mtetemo mdogo kutoka kwenye lami lazima upande raki, viungo vya shafti, kisha upite kwenye gia ya mota na uzito wake unaozunguka kabla haujafika mkononi. Mitetemo midogo ya haraka, ile ya changarawe au lami iliyochakaa, hufia njiani. Mizigo mikubwa ya polepole, kama gari kuhamisha uzito kwenye kona, inafika vizuri. Ndiyo sababu nikiwa Soni najua kabisa gari limeegemea tairi gani, lakini sijui kwa mikono kama lami imebadilika kutoka laini kuwa mbaya. Hilo nalijua kwa kiti. Na kiti cha gari hili, bahati nzuri, kinasema mengi.

Kinachobadilisha mambo kuliko vyote ni matairi. Gari lilitoka kiwandani na Michelin Primacy HP za 215/45R17 (upana wa milimita 215, ukuta wa tairi asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17), matairi ya starehe na kubana mafuta, si ya mashindano. Watu huyadharau haraka na kuvaa makali zaidi. Mimi nasema subiri. Primacy huachia taratibu, na ule ulegevu kabla ya kuteleza unausikia mapema, kwenye mwendo wa kawaida usiohatarisha mtu. Ukivaa tairi lenye kuta ngumu, jibu la kwanza linakuwa kali na la kufurahisha, ila onyo linakuja kwa kuchelewa na kwa mwendo mkubwa, jambo ambalo kwenye barabara yenye mabasi na bodaboda si zuri. Mahali pazuri ni katikati: tairi la michezo la barabarani, saizi ile ile ya 215. Kupanua hadi 225 au 235 mbele kunaongeza mshiko na kupunguza maneno.

Rimu za inchi 18 zenye 215/40 zina ukuta wa tairi wa milimita 86. Za 17 zina karibu 97. Za 16 zenye 205/55 zina karibu 113. Kwa barabara zetu ningebaki na 17. Ukiwa na 18 usukani unakuwa mkali katikati lakini unaanza kuvutwa na mifereji ya magurudumu ya malori, na kila shimo ni swali la rimu.

Upepo nao usiachiwe kijana wa kituo cha mafuta akisie. Kwenye 215/45R17 nakaa kati ya 33 na 35 psi, matairi yakiwa baridi, yaani asubuhi kabla ya safari. Joto likipanda nyuzi 10 upepo unaongezeka karibu psi 2, kwa hiyo aliyejaza saa nane mchana juani atakuwa na upepo pungufu alfajiri inayofuata. Ukizidisha hadi 40, mguso unapungua, usukani unakuwa mwepesi na wa kurukaruka, na watu wanailaumu mota.

Alaimenti ndiyo ya pili. Mbele, kiwandani hurekebishwa too tu, yaani matairi kuelekeana au kuachana kwa mbele. Kemba, yaani mlalo wa tairi kuelekea ndani au nje ukilitazama kwa mbele, haina marekebisho rasmi. Lakini nguzo ya shokapu inashika nako (kipande kinachobeba gurudumu) kwa bolti mbili kila upande, na ukiweka kemba bolti moja, yaani bolti maalumu ya kubadilishia kemba, unapata digrii 1 au zaidi kidogo. Mimi napenda kemba hasi ya digrii 1.2 hivi mbele, too sifuri mbele, na nyuma too ya ndani milimita 2 kwa jumla. Fundi aweke kemba kwanza, too baadaye, kwa sababu kemba ikihama too inahama nayo. Akifanya kinyume utaondoka na usukani uliopinda na matairi yanayolika ndani. Too ya nje milimita moja mbele inaleta ukali wa kuingia kona, lakini kwenye njia ndefu gari linatangatanga na unachoka kulishikilia. Na kabla ya mashine kuwashwa, hakikisha upepo uko sawa na hakuna kiungo kilicholegea. Alaimenti juu ya boljointi (kiungo cha kichwa cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kugeuka) iliyochoka ni pesa iliyotupwa.

Kukagua viungo ni rahisi. Inua tairi la mbele kwa jeki, weka stendi. Shika kulia na kushoto kwa tairi, saa tatu na saa tisa, litikise: likicheza, ni tairodi au raki. Shika juu na chini: likicheza, ni boljointi au beringi. Kama halichezi popote lakini linagonga kwenye matuta madogo, angalia stabilaiza linki (kijiti cha chuma kinachozuia gari kulala sana) na kitanda cha juu cha shokapu. Tazama pia buti za raki, yaani mipira inayofunika ncha zake. Buti ikichanika, vumbi na maji huingia na kula raki, na hapo kuwa na usukani wa umeme hakukusaidii, kwa sababu raki yenyewe bado ni ya chuma na grisi.

Bushi ya nyuma ya wishiboni (mkono wa chini unaoshika gurudumu) ya mbele ndiyo inayolegea kimyakimya. Ikichoka, ukikanyaga breki usukani unatafuta njia yake. Badilisha kwa ya mpira mgumu kidogo. Bushi za poliyuritheni (plastiki ngumu kuliko mpira) zinazoshikilia raki kwenye fremu ni nafuu, na ndizo zilizonipa tofauti ya wazi zaidi kwa bei yake: ule ulegevu mdogo kati ya mkono na tairi unakatika. Lakini sizipendekezi kwenye wishiboni kwa anayepita matuta kila siku. Zikikauka zinalia, na mitetemo inayoongezeka ni kelele zaidi kuliko habari.

Kushusha gari ndiko kunakoharibu usukani kuliko kitu chochote, na 86 nyingi kutoka Japani zinakuja zimeshushwa tayari. Gari lina nafasi ya milimita 130 hivi chini. Likishushwa zaidi ya milimita 25, wishiboni za mbele zinaelekea juu, tairodi zinabadilisha pembe, na tairi likipanda kwenye tuta linajigeuza lenyewe. Utasikia usukani ukicheza na kudhani unazungumza. Unadanganya. Ukilinunua hivyo, rudisha springi za kiwandani kwanza ndipo uamue.

Umeme una masharti yake. Betri dhaifu hupunguza msaada, kwa hiyo usukani uliokuwa mzito ghafla uanze kupimwa kwenye betri na altaneta. Ukizungusha mwisho hadi mwisho gari likiwa limesimama, mara nyingi mfululizo, mfumo hujipunguza usiungue, kisha hurudi ndani ya dakika 10 hivi. Kolamu ikibadilishwa, sensa ya msokoto lazima iwekwe sifuri kwa kompyuta, la sivyo usukani utavuta upande mmoja hata kama alaimenti iko sawa. Wapo wanaong'oa fyuzi ya mota ya usukani ili wapate "hisia halisi". Usifanye. Raki ya 13 kwa 1 haikutengenezwa kwa mikono mitupu. Ikifika kona ya dharura hutaweza kuigeuza kwa wakati.

Kwa kulinganisha: Subaru WRX STI ya 2014 hadi 2021 ilibaki na haidroliki, yaani msaada wa usukani wa pampu ya mafuta, na changarawe unaisikia kwa vidole kuliko kwenye 86, ingawa pua yake ni nzito na pampu, mpira na sili zinazovuja ni sehemu ya maisha. Mazda MX-5 ya 2015 ni ya umeme pia, nyepesi zaidi mkononi, ila gari linalala sana kabla ya kukuambia jambo. Hata Porsche 911 ilihamia umeme kwenye kizazi cha 991, na wapenzi wake wanabishana hadi leo. Kati ya hayo, kwa anayetaka gari moja la kazini na la milimani, bado ningechukua 86.

Ukinunua, panga pesa hivi: matairi, ukaguzi wa viungo, bushi za raki, kemba bolti, halafu alaimenti mwisho kabisa. Nati za rimu zikazwe kwa spana ya kipimo hadi Nm 120, na zikaguliwe tena baada ya safari ya kwanza.