Pedali yangu ya fazi ilienda kwa fundi, ikarudi nzima mno

"Inavuja," fundi aliniambia bila kuinua macho kwenye simu yake. "Transista zote mbili zilikuwa zinavuja. Nimekuwekea mpya."

Nikamuuliza za zamani ziko wapi.

"Za nini tena?"

Hapo ndipo hadithi yote ilipo, mengine ni maelezo tu. Ni muda sasa, mwaka jana au mwishoni mwa mwaka juzi, lakini nikiikumbuka ile "za nini tena" bado nasikia damu ikipanda. Kama una amplifaya mbovu, mpelekee fundi huyu. Kama una pedali ya fazi, kile kisanduku cha kukanyaga kinachokwaruzisha sauti ya gitaa, kaa nayo nyumbani hata kama inatoa moshi.

Mimi na wenzangu watatu tunapiga roki ya gereji. (Ndiyo, gereji. Jina limetokana na vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliokuwa wakifanyia mazoezi kwenye gereji za nyumbani kwao. Shemeji yangu mpaka leo anaamini tunatengeneza magari.) Ni watu wa kutumiana nyimbo usiku wa manane. Huyu anafukua bendi ya The Sonics wa Tacoma, Marekani, yule anakuja na WITCH, bendi ya Zambia ya miaka ya 1970, kesho yake hakuna aliyelala. Rekodi moja ya hao WITCH ndiyo iliyonitia kichaa: gitaa linalia kama nyuki waliofungiwa ndani ya debe. Nikasema hii sauti naitaka, nikahangaika hadi nikapata pedali kuukuu ya transista mbili za jemaniamu. (Transista ndicho kipande kinachokuza sauti; jemaniamu ni kitu zilichotengenezewa zile za zamani, kabla ya silikoni.)

Ukiifungua utadhani umeibiwa. Transista mbili, rizista chache, kapasita tatu, betri ya volti 9, basi. Lakini ukiikanyaga, kuta zinasogea. Na utamu wake hasa hauko kwenye kelele. Uko pale unapopunguza sauti kwenye gitaa lenyewe: fazi inapoa taratibu, inabaki sauti safi yenye chembechembe za mchanga, kisha unarudisha na nyuki wote wanarudi. Mguu haujagusa kitu.

Ugonjwa wake ni joto. Ndani ya jemaniamu kuna mkondo unaovuja hata transista ikiwa salama kabisa, na mkondo huo huongezeka karibu mara mbili kila joto likipanda nyuzi 10 hivi. Kwa hiyo chumba kikijaa watu, pedali inaanza kukwama, noti inakatikakatika kama mtu mwenye kwikwi. Tulikuwa na feni moja. Mpiga ngoma analowa jasho, feni inaelekezwa kwenye pedali.

Ndipo nikaipeleka, pamoja na amplifaya iliyokuwa ikinguruma. Mapokezi mazuri, risiti safi. Kwa kuwa naijua dunia, niliandika kikaratasi na kukibandika kwa selotepu chini ya pedali, juu ya skrubu: "Tafadhali usibadilishe transista. Rekebisha rizista tu." Maana dawa ipo na inajulikana. Unaweka rizista ya kuzungushwa kwa bisibisi, unazungusha huku ukisoma mita hadi transista ya pili ionyeshe kama nusu ya volti za betri, nne na nusu hivi, basi. Kazi ya robo saa.

Siku ya kuichukua, kikaratasi kilikuwa bado pale. Hebu lifikirie hilo. Kuzifikia skrubu ilimlazimu akibandue. Alikibandua, akafungua, akang'oa transista, akatia za silikoni, akafunga, kisha akakirudisha kikaratasi mahali pake, kimenyooka, na selotepu mpya.

"Fundi, hiki hukukisoma?"

"Nilikisoma, kaka."

"Sasa?"

"Sasa wewe si fundi."

Kijana wake aliyekuwa akilehemu pembeni alicheka, halafu akajidai anakohoa.

Nikajaribu kueleza. Nilimwambia kuvuja ndiyo asili ya jemaniamu, kwamba hata ukiipima kwa mita ya kawaida inakudanganya, kwa sababu mkondo unaovuja unahesabika kama nguvu ya transista. Nikamwambia fazi yenyewe ilizaliwa na ubovu: Nashville, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, chaneli ya mashine ya studio iliharibika wakati wa kurekodi, besi ikatoka imekwaruzika, wakaipenda, na mwaka 1962 kampuni ya magitaa ya Gibson wakaanza kuuza sauti ya namna hiyo ndani ya kisanduku kwa jina la Maestro. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza mtoto anayesimulia ndoto. Kisha akasema, "Wewe ulikuwa na sauti mbovu, nimekupa nzuri. Unalia nini?"

Huyu bwana angekuwepo mwaka 1964 Dave Davies, mpiga gitaa wa The Kinks ya Uingereza, alipokata karatasi ya spika yake kwa wembe ili ikwaruze, angembadilishia spika. Link Wray naye, mpiga gitaa Mmarekani aliyetoboa zake kwa penseli, angebandikiwa viraka. Muziki wote tunaoupenda ungeishia kaunta.

Nikalipa. Ndiyo, nililipa, msinicheke. Nikaenda zangu nimenuna.

Sasa lazima niwe mkweli, maana nilianza kuandika haya nikiwa na nia ya kumpa nyota moja. Ile amplifaya niliyompelekea siku hiyohiyo? Kimya. Nilikuwa nimeishi na mngurumo ule kwa miaka, hata nikausahau, kama jirani anayekoroma. Niliiwasha nikadhani haijawaka. Nikaifungua kuchungulia: alibadilisha kapasita kubwa za umeme, lehemu zinang'aa kama shanga, waya zimefungwa vizuri hakuna hata mmoja unaoning'inia. Fundi wa kweli. Nyota nne, kwa amplifaya.

Halafu nikaunganisha pedali.

Haikukwama. Hilo nalikubali, ungeweza kuiweka juani. Lakini nyuki walikuwa wameondoka, badala yao kuna msumeno. Ukipunguza sauti ya gitaa, msumeno unabaki msumeno, mdogo tu. Na katikati ya wimbo wa pili, mkono ukiwa umetulia juu ya nyuzi, amplifaya ikasema kwa sauti tulivu ya mama mmoja: "...na sasa tugeukie habari za michezo."

Redio. Pedali ilikuwa inanasa redio. Mpiga ngoma alicheka hadi akaangusha kijiti. Hutokea hasa kwa silikoni, nguvu yake ni kubwa na inakuza hata mawimbi yanayopita zake. Wanaojua hutia kapasita ndogo, pikofaradi mia hivi, kati ya miguu miwili ya transista, inayoitwa besi na kolekta. Yeye hakutia. Yeye aliye fundi, si mimi! Nyota nne nimezirudisha mfukoni.

Nikarudi kule. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, makali, kwa mpangilio. Fundi hakuwepo. Alikuwepo yule kijana wa kikohozi. Aliponiona akainama chini ya meza, akatoka na kopo la mabati lililojaa takataka za kufagia: vipande vya waya, skrubu, matone ya lehemu yaliyoganda. "Zinaweza kuwa humu, kaka," akasema. "Yeye hutupa, mimi huokota." Tukamwaga juu ya gazeti. Tulikaa pale karibu saa nzima, vichwa vimegusana, tukichambua kama watu wanaotoa mawe kwenye mchele. Tukapata moja. Kichwa chake cha bati, kidogo kama ukucha, na mguu mmoja umekatwa karibu na shina. Ya pili hatukuiona.

Kijana hakukubali nimpe chochote. Aliniomba tu nimwambie jina la ile bendi ya Zambia.

Nyumbani nikaongezea ule mguu kipande cha waya. Mikono ilitetemeka, maana jemaniamu ukiichoma sana wakati wa kulehemu imekwenda. Nikaijaribu nafasi ya kwanza, ikanichefua. Nikaihamishia ya pili, ile ya kwanza nikaacha silikoni ya fundi (angalau aliweka aina inayoitwa PNP, kama pedali hii ilivyotaka), nikatia kapasita ya kumnyamazisha mama wa michezo, nikaweka rizista ya kuzungusha, nikazungusha.

Na kinachoniuma ni kwamba ni nzuri. Si ileile. Ina meno mbele na nyuki nyuma. Ukipunguza sauti ya gitaa inapoa, si kama zamani, lakini inapoa, na joto haliisumbui sana. Feni amerudishiwa mpiga ngoma. Wenzangu wanasema sijawahi kuwa na sauti nzuri kuliko hii. Mmoja alithubutu kusema tumshukuru fundi. Tuliacha kuongea kwa wiki moja.

Basi nyota ngapi? Kwa kazi ya amplifaya, nne, nazirudisha. Kwa kijana, tano, na siku akifungua kwake nitakuwa wa kwanza mlangoni. Kwa pedali sitoi kitu, si sifuri wala moja, hadi mtu yule aniangalie usoni aseme alikisoma kikaratasi na akakosea. Na kama mnakwenda kule, angalieni chini ya meza upande wa kushoto. Ni ndogo, ya bati, ina miguu mitatu, pengine miwili na nusu. Ni yangu.