TAHADHARI: Nta "halisi" ya nyuki iliyochakachuliwa kwa parafini

Mnaotengeneza mishumaa nyumbani, kuweni macho na wauzaji wanaotangaza "nta ya nyuki 100%" kwa bei ya chini kupita kawaida na kudai walipwe yote kabla mzigo haujatumwa. Kinachofika mara nyingi ni parafini, yaani nta itokanayo na mafuta ghafi, iliyotiwa rangi ya njano na harufu ya asali, na nta ya nyuki kidogo tu ya kudanganyia. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Pua na macho havitoshi. Nta halisi huanzia njano hafifu hadi kahawia, kutegemea chavua na umri wa masega, na harufu ya asali inapatikana kwenye chupa. Hata ule utando mweupe kama vumbi juu ya pande si kipimo: hujitokeza nta ikikaa na huondoka ukiipasha joto kidogo, lakini nta iliyomiminwa juzi haina, na si kosa lake.

Kipimo kinachowashinda wengi wao ni uzito. Sentimita moja ya ujazo ya nta ya nyuki ina gramu 0.958 hadi 0.970, ya parafini ni karibu 0.90. Mkononi huwezi kuihisi tofauti hiyo, kwenye glasi unaiona. Weka kipande cha nta unayoijua asili yake, iliyotoka kwa mfugaji wa nyuki, ndani ya spiriti. Kitazama. Ongeza maji kidogo kidogo huku ukikoroga taratibu, hadi kipande kining'inie katikati, hakigusi chini wala hakipandi. Sasa tumbukiza kipande cha nta iliyoletwa. Kikipanda juu kama kizibo, kimechanganywa. Futa kwanza viputo vyote kwa kidole, maana kiputo kimoja tu kinaweza kukinyanyua. Na usitumie nta ya punje, nyingi zina hewa ndani. Spiriti inashika moto haraka, kwa hiyo kaa mbali na jiko.

Kipimajoto kinasaidia, ila kwa upande mmoja. Nta ya nyuki huyeyuka kati ya nyuzi joto 62 na 65 za Selsiasi, kwa hiyo ikiyeyuka yote kwenye 55 hakuna cha kujadili. Ikiyeyuka kwenye 63, bado hujathibitisha kitu: stearini, mafuta magumu yanayotumika pia kwenye mishumaa, huyeyuka karibu na 69, na tapeli mzoefu huichanganya na parafini mpaka mchanganyiko urudi pale pale.

Kuna na wizi wa mizani. Pande nene hufichwa maji, asali au matope katikati. Lipasue kabla hujalikubali. Nta inayotatarika na kurusha matone ikipata joto ina maji. Iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe si moja kwa moja juu ya moto, na isizidi nyuzi 85 kwa sababu huanza kubadilika rangi. Ichuje kwa kitambaa, kisha pima tena kilichobaki.

Hasara kubwa iko kwenye utambi. Nta ya nyuki ikiyeyuka ni nzito na hupanda kwa taabu, ndiyo maana huwekewa utambi mnene wa pamba uliosukwa mraba. Utambi huohuo kwenye parafini hunywa kupita kiasi: moto unarefuka, masizi yanapanda, nta inachuruzika pembeni. Mtu hujilaumu, ananunua utambi mwembamba. Siku akipata nta halisi, utambi huo unachimba shimo jembamba na kuzama ndani yake. Nta halisi nayo ikibaki na asali au gundi ya nyuki huziba utambi mpaka moto uzime, kwa hiyo msiharakishe kumhukumu muuzaji kabla ya kuichuja vizuri.

Msipokee ovyo tambi za "zawadi" zenye waya katikati. Chambua pamba, sugua waya kwenye karatasi nyeupe. Ukiacha alama ya kijivu kama ya penseli, ni madini ya risasi, na moshi wake ni sumu, hasa kwa watoto. Marekani ilipiga marufuku tambi hizo mwaka 2003.

Kabla ya kulipia kilo nyingi, ombeni sampuli ya gramu 100 iliyokatwa kwenye pande lenyewe, na mzigo ukija pimeni tena. Aliyekwisha kuuziwa nta iliyochakachuliwa asiichanganye na nta yake nzuri. Aimimine peke yake kwa utambi mwembamba, aandike wazi kuwa ni mchanganyiko, na asiitumie kutengenezea mafuta ya midomo.