Uzoefu wangu na suribachi: sosi ya ufuta ya Kijapani kwa steki ya nyumbani

Suribachi yangu, bakuli la Kijapani la kusagia, nimekuwa nayo miezi minane. Niliinunua Kobe siku mbili kabla ya kurudi Dar, nikaifungia katikati ya nguo ndani ya begi, na tangu ilipofika salama haijapita wiki sijaitumia. Naandika kwa ajili ya aliyewahi kuonja sosi ya ufuta ya Kijapani, goma dare, akatamani iwepo jikoni kwake, kisha akanunua ya chupa akaona siyo ile.

Chombo chenyewe ni bakuli la udongo uliochomwa. Nje linang'aa, lakini ndani limeachwa kavu na limechanjwa mistari mingi ya karibukaribu kama meno ya kitana. Mchi wake, surikogi, ni wa mti. Sisi tumezoea kinu cha kutwanga, na siku ya kwanza nami nilitwanga. Punje ziliruka hadi chini ya jiko. Suribachi haitwangwi. Unashika juu ya mchi kwa mkono mmoja utulie hapo, mkono wa pili unauzungusha mchi kwa chini, na ile mistari inazishika punje na kuzichana. Weka kitambaa kibichi chini ya bakuli, la sivyo litakuwa linakukimbia mezani.

Nilikwenda Kobe kwa mafunzo ya miezi mitatu. Huko ndiko nilikokula shabu-shabu, nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, inayopitishwa kwenye maji ya moto sekunde chache. Jina hilo lilitoka kwenye mkahawa wa Suehiro wa Osaka mwaka 1952. Mbele ya kila mtu huwekwa sosi mbili za kuchovya: ponzu, ambayo ni sosi ya soya na maji ya machungwa machachu, na goma dare. Mzee aliyetuandalia alitufundisha jambo nililolishika mpaka leo: nyama yenye mafuta ichovye kwenye ponzu ili ukali wake ukate mafuta, nyama isiyo na mafuta ichovye kwenye ufuta.

Steki nayo ina historia katika mji ule ule. Mkahawa wa Misono wa Kobe ulianza mwaka 1945 kuchoma nyama juu ya bamba la chuma mbele ya wateja, mtindo ambao baadaye ulisambaa duniani. Steki yao huletwa imeshakatwa vipande, kwa sababu inaliwa kwa vijiti, na kipande kidogo kinaita sosi ya kuchovya. Lakini nyama ya Kobe, ya ng'ombe wa ukoo wa Tajima, ina mafuta yaliyotambaa ndani kama mizizi. Chumvi inaitosha. Ng'ombe wetu ametembea, amekula majani, nyama yake ni nyekundu tupu na ina ladha nzito. Hapo ndipo naamini goma dare imepata nyama yake. Ufuta unaleta yale mafuta ambayo nyama yetu haina, bila kuufunika utamu wake. Nimejaribu nyama zote mbili, na hiyo ya ufuta na sarara ya kwetu ndiyo ninayoirudia.

Neno moja kuhusu bucha. Ukisema steki Dar es Salaam utapewa nyama yoyote isiyo na mfupa, hata ya kuchemsha saa mbili. Omba sarara, na omba isikatwe. Mimi naipaka chumvi dakika 40 kabla, naifuta maji kwa kitambaa, kikaango cha chuma kinapata moto hadi kianze kufuka, kisha naiweka. Ikitoka naiacha itulie dakika 5, halafu naikata nyembamba kukingama nyuzi.

Sasa ufuta. Mimi ni mtu wa Lindi, nimekua nikiona magunia yake yakisubiri mnada wa stakabadhi ghalani. Japani hulima ufuta kidogo sana, karibu wote huagiza nje, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zinazowauzia. Nilipokuwa nakula goma dare Kobe, wazo kwamba huenda punje zile zilipandwa kwetu lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Ufuta wa sokoni una mchanga, na punje moja ya mchanga inaharibu bakuli zima. Nauosha kama mchele: namimina maji, nazungusha, ufuta unanyanyuka na mchanga unabaki chini, narudia mara tatu au nne. Naukausha juani mpaka punje zisishikane.

Kukaanga ndiko kwenye sosi yenyewe. Moto mdogo, kikaango kikavu, mkono usitulie. Punje mbili tatu zikianza kuruka na harufu ikajaa jikoni, mimina kwenye sinia papo hapo, maana chuma cha moto kinaendelea kuukaanga hata jiko likizimwa. Nusu dakika ya ziada inaleta uchungu ambao sukari haiuondoi.

Kwa watu wanne natumia vijiko 5 vya chakula vya ufuta. Nasaga ungali vuguvugu, kwa dakika kama kumi. Kwanza unakuwa chenga, halafu unakuwa kama mchanga mbichi, kisha unaanza kushikana na kung'aa. Mimi nasimama hapo, kabla haujawa laini kabisa, kwa sababu kwenye steki napenda meno yakutane na chenga chache. Naongeza soya vijiko 3, siki ya mchele vijiko 2, sukari kijiko 1, kitunguu saumu nusu punje na tangawizi kidogo, vyote vinasagwa mle mle ndani ya bakuli. Mwisho dashi, supu nyepesi ya Kijapani, vijiko 3 au 4, kidogokidogo, mpaka sosi ifunike mgongo wa kijiko.

Dashi hiyo ilinisumbua mpaka nilipomkumbuka dagaa. Wajapani wana niboshi, samaki wadogo waliochemshwa kisha wakakaushwa. Dagaa wa Zanzibar naye huchemshwa kwenye maji ya chumvi na kuanikwa. Natoa kichwa na tumbo, naloweka wachache kwenye kikombe cha maji usiku kucha, asubuhi nachemsha kidogo na kuchuja. Chumvi yake ipo, kwa hiyo soya naipunguza kijiko kimoja. Mama alipoonja alinyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, ufuta huu na dagaa huyu nimevipika miaka yote, ila sikuwahi kuvikutanisha." Akaomba nimwonyeshe tena kuanzia mwanzo.

Mapishi yao huweka pia mirin, pombe tamu ya mchele ya kupikia, na mara nyingine sake, pombe ya mchele ya kunywa. Kwetu pombe haiingii jikoni, na sukari na siki zimeziba pengo lile vizuri. Anayejali zaidi asome lebo ya soya, kwa sababu ile inayochachushwa kwa njia ya asili hubaki na kiasi kidogo cha pombe. Zipo zenye nembo ya halali.

Nimejaribu kwa blenda pia. Kwa kiasi kidogo punje zinapanda ukutani na kisu kinazunguka bure, na ukiongeza muda unapata rojo zito la kupaka mkate. Tahini ya dukani, yaani ufuta uliokwisha sagwa, inaokoa siku ya haraka, vijiko 3 badala ya ufuta wote, lakini ile harufu ya kukaangwa sasa hivi haimo. Sosi ya chupa niliyonunua hapa ilikuwa tamu mno, na bei yake ingeninunulia ufuta wa kutengeneza chupa tano.

Dosari za suribachi zipo. Ni nzito, na kuisafisha kunataka burashi ngumu, kwa kuwa ufuta unajificha kwenye mistari. Iloweke mara tu ukimaliza, usingoje ikauke. Sabuni naikwepa, udongo usiopakwa kitu unanyonya harufu. Anayeagiza achukue yenye upana wa sentimita 20 au zaidi. Yangu ni ndogo kidogo ya hapo, na wageni wakizidi wanne nasaga mara mbili.

Sosi inakaa friji siku tatu ikiwa imefunikwa. Siku ya kwanza ndiyo yake. Siku ya tatu mimi naimwagia kwenye mchicha uliochemshwa na kukamuliwa maji, na watoto wanaumaliza kabla ya wali.