Lenzi ya 70-200 kwenye kivuko cha reli: uzoefu wangu wa misimu miwili

Nilinunua lenzi hii ya milimita 70 hadi 200, f/4 (kipimo cha uwazi wake wa kupitisha mwanga), kwa kazi moja: kupiga picha za treni pale reli inapokata barabara ya vumbi katikati ya mashamba. Nimekaa nayo misimu miwili, tangu mahindi yakiwa miche hadi kubaki mabua makavu.

Mwanzoni nilitumia lenzi fupi iliyokuja na kamera. Treni ikionekana ndogo nasogea, na kila nikisogea shamba linazidi kupotea, nabaki na chuma na kokoto. Hii ya 70-200 imeniwezesha kusimama mbali zaidi, na hapo ndipo ninapoipenda. Nasimama kando ya barabara, mita 60 au 70 kutoka relini, navuta hadi 200, na mistari ya mahindi inabanana mbele ya mabehewa, vilima vya nyuma navyo vinaonekana kama vimesogea kutazama. Treni na shamba vinakuwa kitu kimoja.

Umbali huo una faida nyingine kubwa kuliko picha. Treni ya mizigo iliyojaa huweza kuhitaji zaidi ya kilomita moja hadi isimame, na behewa hutokeza nje ya reli kuliko wengi wanavyodhani. Sisimami kwenye mataruma, sivuki kizuizi, na shambani siingii kabla ya kumwomba mwenyewe ruhusa.

Fokasi yake, yaani kulenga picha iwe kali, ni ya haraka, lakini haina subira na mahindi. Upepo ukivuma, mbelewele zikapita mbele ya kioo, inazishika zenyewe, na kichwa cha treni kinatoka ukungu mtupu. Nilipoteza treni tatu kwa namna hiyo. Sasa nailenga mapema kwenye nguzo ya alama ya kivuko, nasukuma swichi ya pembeni kwenda MF, yaani fokasi ya mkono, halafu siigusi tena. Mwanga nao naupanga kwa mkono kabla honi haijasikika, maana taa za kichwa cha treni huidanganya kamera, ikatia giza shamba lote.

Kwa kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, hesabu ni hii: treni ya kilomita 80 kwa saa husogea sentimita 2 na kidogo ndani ya 1/1000 ya sekunde. Ukishuka hadi 1/250 inasogea karibu sentimita 9, na maandishi ya ubavuni hayasomeki. Shata ya kimya ya kielektroniki niliiacha kabisa. Kwenye kamera yangu husoma picha mstari kwa mstari, kwa hiyo treni inayopita ubavu kwa ubavu inatoka imelala upande, madirisha yote yameinama.

Nilikaribia kuirudisha mwezi wa kwanza. Picha za saa saba mchana zilikuwa laini, reli zinacheza kama maji. Kumbe lenzi haina kosa. Ni joto linalopanda kutoka kwenye kokoto, na kadiri unavyovuta mbali ndivyo linavyoonekana. Mahali palepale, saa kumi na mbili asubuhi, nahesabu misumari ya mataruma.

Malalamiko yangu ni mawili. Haina mpira wa kuzuia vumbi pale inapofunga na kamera, na gari moja tu likipita kivukoni unaona unga mwekundu kwenye pete. Nafuta kwa brashi kabla ya kuifungua, kila mara. Pili, pete ya kufungia kwenye tripodi (stendi ya miguu mitatu) inauzwa peke yake, jambo lililoniudhi.

Kizuia mtetemo kina hali ya pili, inayotuliza mtikisiko wa wima tu na kukuacha ufuate treni kwa mlalo. Jioni moja niliweka shata 1/60, nikageuka na treni taratibu. Nyuma ya kizuizi trekta lilikuwa linasubiri, trela limejaa mabua. Dereva wa treni na jani moja la mhindi lililonasa kwenye ngazi yake vimetulia kwenye picha. Shamba lote limekuwa michirizi ya dhahabu.