Crown Athlete na IST: uzoefu wangu baada ya kuishi na zote mbili

Naendesha Toyota Crown Athlete ya 2013, ile ya V6 (silinda sita) ya lita 2.5, na nyumbani bado nina Toyota IST ya 2004 yenye injini ya 1NZ, ya silinda nne. Nikiambiwa nibaki na moja hapa Dar, nabaki na IST, ingawa Crown naipenda sana.

Raha ya Crown iko safarini. Ukishaipita Chalinze kuelekea Morogoro gari imetulia, abiria wa nyuma wananong'ona na unawasikia. Ina farasi 203, kwa hiyo lori unalipita mara moja na kurudi upande wako bila presha. Ila chunga sana vibao vya 50 vijijini: injini haipigi kelele, mshale unapanda bila wewe kujua, na tochi ya trafiki ya kupima mwendo ipo mbele. Mlima Kitonga, kwenye njia ya Iringa, ndio unaoonyesha tofauti. IST ikiwa na watu wanne na mizigo, nazima AC ndipo ipande vizuri nyuma ya fuso. Crown inapanda kama iko tambarare.

Mjini mambo yanageuka. Crown ina urefu wa karibu mita 4.9, IST haifiki 3.9, jaribu kuegesha Kariakoo mchana ndipo utaelewa. Njia ya mtaani kwetu haina lami. Masika natumia IST, kwa sababu Crown iko chini na inasukumwa na tairi za nyuma, tope likilainika mkia unaanza kucheza. Halafu kuna mama yangu mzazi, magoti yanamsumbua. Kwenye IST anafungua mlango na kukaa, maana kiti kiko juu. Kwenye Crown lazima nimshike mkono akiingia, na akitoka nimvute.

Spea ndiyo habari kubwa. Injini ya 1NZ imefungwa pia kwenye Vitz, Probox na Spacio, kwa hiyo hakuna fundi asiyeijua, na spea mpya au used zimejaa Kariakoo na Ilala. Oili yake haifiki lita 4. Crown inameza zaidi ya 6, na plagi ni sita badala ya nne. Kwenye foleni ya Mwenge mafuta yanakatika hata hujasogea. Hata ukiagiza Japani, injini ikizidi cc 2,000 ushuru wa bidhaa unapanda.

Anayeitaka Crown asihadaike na viti vya ngozi na ile skrini ya Kijapani. Nenda na fundi wako, gari ipandishwe juu akague bushi (zile raba za miguu ya gari) na shokapu zote. Kisha ipitishe kwenye barabara mbovu, vioo juu, redio imezimwa, usikilize chini kunagonga wapi kabla hujatoa hela.