Grand mal na petit mal: tofauti iko wapi?

Maneno haya mawili ya Kifaransa, yaani "ugonjwa mkubwa" na "ugonjwa mdogo", ni majina ya aina mbili za kifafa, na yalizoeleka katika hospitali za Paris karne ya 19. Bado utayakuta kwenye mafaili ya zamani na vinywani mwa madaktari wenye umri.

Grand mal ndicho kifafa ambacho kila mtu anakijua: mgonjwa anaanguka, anakakamaa, kisha viungo vinatikisika, mara nyingi kwa dakika 1 hadi 3. Anaweza kujing'ata ulimi au kujikojolea. Akizinduka huwa hoi na hajui kilichompata. Mlaze kiubavu, na kijiko usimtie mdomoni hata wazee wakisisitiza. Zikipita dakika 5, mkimbize hospitali.

Petit mal haina kishindo. Mtoto anakodoa macho kwa sekunde chache, pengine kope zinapepesa, kisha anaendelea na alichokuwa akifanya. Haanguki. Ila inaweza kumrudia mara nyingi kwa siku, mwalimu akadhani ni mzembe, na masomo yakaharibika kimyakimya. Kwa hiyo hilo "mdogo" mimi silipendi hata kidogo.

Dawa nazo si zilezile: ethosuksimidi hutuliza petit mal lakini haizuii grand mal, na kabamazepini inaweza hata kuizidisha petit mal.

Siku hizi madaktari husema toniki-kloniki badala ya grand mal, na absensi badala ya petit mal. Wewe mweleze daktari ulichokiona, au mrekodi mgonjwa kwa simu. Video humsaidia kuliko jina lolote.